Sifa za Mheshimiwa Bayosi

Wengine na wawasifu majemadari na wacheza mpira. Mimi namsifu Mheshimiwa Bayosi, ile programu ndogo iliyochomewa kwenye bodi ya kompyuta, inayoamka kabla ya mfumo endeshi wowote.

Fadhila zake ndogo nazitaja nikipita. Huwapa riziki mafundi wa Kampala Road. Hufundisha subira. Hupunguza majivuno ya wasomi wa Makerere.

Fadhila yake kuu ni kutaka kumjua mgeni. Tangu 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa kanuni za ACPI, bodi hujieleza yenyewe kwa mfumo endeshi: betri hii hapa, feni ile pale. Ingetosha. Lakini Bayosi ana adabu, hapakui kabla ya kuuliza, “Wewe ndiwe Windows 2009?” (Anamaanisha Windows 7. Windows 10 humwita “Windows 2015”. Dukani majina hayo huyapati.) Hapo hamuulizi mgeni anaweza nini wala anahitaji nini. Jina tu, na sahani hufuata jina.

Kwa malezi hayo Linux, mfumo endeshi mwingine, imestaarabika. Wewe Windows 2009? Ndiyo. Windows 2012? Ndiyo. Windows 2015? Mimi mwenyewe! Wewe Linux? Hapana, simjui huyo. Imekana hivyo tangu 2007, baada ya kuona kwamba anayejiita Linux huandaliwa kiporo: viraka vya hitilafu zilizokwisha kurekebishwa siku nyingi. Niambieni, ni chuo gani kimefunza uongo kwa ufanisi huu, bila ada?

Uongo nao una gharama. Kuna Bayosi, wa mashine yangu mmojawapo, ambaye, akisikia “Windows 2012”, hulegeza mkono kwenye mwanga wa kioo, akiamini mgeni atajihudumia. “Ssebo, mashine yako inajidai sana,” fundi aliniambia, akaandika acpi_osi="!Windows 2012" kwenye mstari wa kuwashia, yaani ikane moja tu kati ya majina yake ya uongo. Vitufe vya mwanga vikafufuka. Usingizi wa mashine ukapotea. Nikaifunga mashine nikiwa Wandegeya, nikapanda boda, jamu ikatushika. Ntinda naitoa kwenye begi imechemka, betri sifuri, na umeme umekatika mtaa mzima.

Jamani! Bayosi ana kosa gani? Anasoma alichoandikiwa. Aliyemwandikia alikaa ofisini kwenye umeme usiokatika, akajaribu Windows moja, ikawaka, akatia sahihi, sanduku likafungwa. Kwamba mashine ingeuzwa tena, ikavuka bahari, ikawashwa na mtu mwingine kwa mfumo mwingine, hilo halikuwa kwenye fomu yake.

Nikawaandikia watengenezaji. Swali lao la kwanza: unatumia mfumo gani? Nikajibu kweli, Linux. Wakanishukuru kwa heshima zote, wakasema hawauhudumii, nisakinishe Windows kwanza. Nikatuma malalamiko yaleyale kwa anwani nyingine, nikaandika Windows 10. Siku hiyohiyo nikapewa mhandisi.