Hiyo Mada, Siyo Stori

Jumatatu

Kikao cha mawazo. Kila mmoja anasimama mbele ya darasa na kueleza video anayotaka kutengeneza, huku Mwalimu akipima muda kwa simu yake.

Nilianza na uchumi wa buluu. Mwalimu akasimamisha saa. "Hiyo mada, siyo stori." Nikataja foleni za Dar es Salaam. "Mada." Nikataja mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu akatazama dirishani, ambako mvua isiyo ya msimu ilikuwa inanyesha, akasema hata hiyo ni mada.

Ana maswali manne. Nani? Anataka nini? Kipi kinamzuia? Mimi nitaona nini? La mwisho ndilo linalomaliza watu. Mwenzetu mmoja ana habari nzito ya zabuni, kaifuatilia, ushahidi anao. Alipoulizwa tutaona nini, alijibu: barua. Mwalimu akataka kujua barua hiyo inafanya nini. Iko mezani tu, Mwalimu. Akaambiwa awapelekee watu wa gazeti, watamshukuru.

Aliyepita leo ni yule ambaye bibi yake anajifunza kuendesha bajaji. Darasa zima lilinyamaza kwa wivu. Wengine tulianza kuwafikiria bibi zetu upya. Wangu anapenda kukaa.

Jumanne

Darasani tumeonyeshwa filamu ya ndugu Lumière ya mwaka 1895, wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon. Haifiki hata dakika moja. Geti linafunguka, watu wanatoka, mbwa anapita. Jirani yangu aliuliza mbona hakuna mahojiano.

Mwalimu alikuwa ametoka kutufundisha kwamba ni mwiko kumwambia mtu arudie tendo kwa ajili ya kamera. Kisha akaeleza kuwa filamu hiyo ina matoleo matatu: moja lina farasi mmoja, jingine farasi wawili, jingine halina farasi. Maana yake watu wale walitolewa kiwandani zaidi ya mara moja. Niliandika yote mawili kwenye daftari, ukurasa mmoja.

Jumatano

Mama kanituma soko la samaki la Feri kununua vibua. Kijana anayeparua samaki alipitisha kisu mara mbili, magamba yakabaki pale pale. Akapiga kelele: "Mzee! Njoo huku!"

Ikaja baiskeli. Mzee aliishusha kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likawa juu juu, akavuta mkanda wa mpira hadi kwenye jiwe lililofungwa mbele ya kiti, akapanda na kuanza kukanyaga pedeli bila kwenda popote. Kisu kikagusa jiwe, cheche zikaruka hadi kwenye vibua vyangu. Kisha akaupitisha ukali wa kisu juu ya ukucha wa dole gumba, taratibu, bila kukandamiza. Kisu butu huteleza. Kilichokubali hunasa kwenye ukucha. Kilinasa. Akapokea hela yake na kuanza kulalamika.

Jiwe limeisha. Lilikuwa kubwa kama sahani ya chakula, sasa linakaribia sahani ya kikombe. Kadiri linavyopungua ndivyo anavyopaswa kukanyaga zaidi kwa kisu kilekile, na magoti yake hayako upande wake. Jiwe jipya la kuingia kwenye ekseli yake halipatikani. Na vijana wameanza kununua visu vya bei chee, kikiwa butu wanatupa.

Nani, anataka nini, kipi kinamzuia, nitaona nini. Nilisimama pale mpaka barafu ya vibua ikayeyuka. Nyumbani niliulizwa nilikokuwa. Nikasema kazini. Mama akanusa mfuko.

Alhamisi

Nilimdaka Mwalimu kwenye korido, nikamweleza kabla hajafika mlangoni. Akasema: "Hiyo stori." Akaingia ofisini na kufunga mlango.

Kamera ilikuwepo. Stendi pia ilikuwepo, ila kile kibati kidogo kinachoiunganisha na kamera hakikuwepo. Mtunza vifaa alisema kibati kilitoka na kundi lililomaliza mwaka jana, na kwa sasa kiko Mwanza. Mimi na mwenzangu wa kamera tukapewa stendi hivyo hivyo, tukasaini kuwa tumeipokea ikiwa kamili.

Barua ya utambulisho ilitoka jioni. Ina muhuri, ina saini, ina jina langu bila kosa. Inaomba turuhusiwe kupiga picha za ng'ombe katika mnada wa Pugu. Aliyeweza kuirekebisha alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa

Ofisa wa soko aliisoma barua yote, akaikunja, akasema hapa hatuna ng'ombe. Kisha akaomba kitambulisho cha uandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati. Mwanafunzi ana kadi ya maktaba. Ofisa aliigeuza pande zote mbili. Mwenzangu wa kamera, ambaye kwao ni Kigamboni na anavuka Feri kila siku ya Mungu, akaanza kumsalimia mtu mmoja mmoja mle ofisini kwa jina, mpaka ikaonekana ni uchoyo kutukatalia.

Mzee alikuwa anatusubiri. Amevaa suti ya kijivu, tai, na viatu vya kuazima ambavyo alitutajia mwenyewe kuwa ni vya kuazima. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Baiskeli iko wapi?"

"Nyumbani. Chafu ile. Si umesema televisheni?"

Nikawa na mnoa visu asiye na jiwe wala kisu, anayefanana na mjumbe wa bodi. Tukaamua kufanya mahojiano leo na kazi kesho. Tulimkalisha kwenye chumba kimoja chini ya taa za tyubu, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo. Swali la kwanza: mzee, tueleze kazi yako. Jibu: "Kwanza kabisa napenda kuishukuru serikali." Swali la pili lilipata shukrani kwa uongozi wa soko. La tatu lilitufikia sisi.

Kisha simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea na kipaza sauti changu kikiwa bado kimebanwa kwenye tai. Niliyasikia yote kwenye hedifoni. Alimweleza mtu kwamba jiwe lile alilinunua kwa Mhindi mmoja Kariakoo mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza, kwamba kila likipungua huona ni umri wake unasagika, na kwamba yuko na watoto wa televisheni ambao hawajui visu lakini wana adabu. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote ya siku hiyo. Nilipomwomba ruhusa ya kulitumia, alisema hapana, hayo ni ya nyumbani. Tukalifuta mbele yake. Mwenzangu alitembea peke yake kwa muda kidogo.

Kabla ya kuondoka tulitaka picha ya mbali ya soko, boti na kivuko. Mama mmoja anayekaanga ngisi akanigonga bega kwa mwiko: "Mwanangu, kamera isielekee kule." Kule ni Ikulu, jirani wa karibu wa soko. Kwa hiyo picha yetu ya mbali ina bahari upande mmoja na sufuria la ngisi upande mwingine, na hakuna kilicho mbali.

Jumamosi

Baiskeli imekuja. Mzee amekuja na koti lake la kazi, na vumbi la jiwe limerudi kwenye nyusi. Kwa mujibu wa Mwalimu, tendo lolote la mikono hupigwa picha tano: mikono, uso, uso na mikono pamoja, kutokea nyuma ya bega, na moja ambayo mtu mwingine asingeifikiria. Mikono tulipata. Uso ulitazama kamera na kutabasamu. Tukamwomba asitazame kamera, akatazama angani kama anayesubiri ndege. Nyuma ya bega alisimama mteja aliyetaka kujua hii itatoka lini na kwenye chaneli ipi. Nikamwambia ni kazi ya darasani. Akatuachia nafasi haraka kuliko nilivyotarajia.

Stendi isiyo na kibati tuliitumia kutundikia begi. Kamera iliwekwa juu ya ndoo ya barafu iliyogeuzwa, ambayo haitikisiki, isipokuwa mwenyewe akiitaka, na aliitaka.

Tulihitaji pia sauti tupu ya mahali, nusu dakika bila mtu kuongea, ya kufichia mikato wakati wa kuhariri. Nikawaomba waliokuwa karibu wanyamaze kidogo. Walikubali kwa moyo mmoja, wakaanza kuambizana wanyamaze. Ninayo nusu dakika safi ya watu wazima wakisema "shhh", "nyamazeni nyie", "wewe ndiyo unaongea", na mbali kidogo mnadi akipandisha bei ya jodari, kwa kuwa yeye hakuombwa.

Tulipozima kamera ili kubadilisha betri, mkanda wa mpira ulikatika. Mzee akashuka, akatoa kipande cha tairi la ndani mfukoni, akakikata kwa kisu alichokuwa ananoa, akakifunga kwa fundo, akarudi kazini. Yote hayo kabla betri haijakaa sawa. Mwenzangu akanitazama. Nikakumbuka farasi watatu wa Lumière. Hatukumwomba arudie.

Jumapili

Kuhariri. Mahojiano ya Ijumaa yana mistari myeusi inayopanda usoni mwa mzee kama pundamilia anayepanda ngazi. Sababu ni umeme. Wetu ni wa hezi 50, hivyo tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera iliyotegeshwa kwa nchi za hezi 60 huona kila kitu. Dawa ni kuweka shata kwenye 1/50 au 1/100 kabla ya kuanza. Aliyeiazima kamera kabla yetu aliitegesha alivyotaka yeye. Nilipokuwa naisoma dawa hiyo, umeme wenyewe ukakatika, na mistari ikaisha.

Uliporudi usiku niliyatoa mahojiano yote, shukrani za serikali zikaenda nayo. Nimebaki na cheche, ukucha, jiwe dogo, magoti yanayopanda na kushuka, na wale wanaoambizana wanyamaze. Ina dakika mbili. Hakuna anayeeleza chochote. Nadhani ndiyo maana inaeleweka.

Jumatatu

Alikuja mhariri mgeni kutazama kazi zetu. Ya bibi wa bajaji ilipigiwa makofi. Bibi mwenyewe alikuwepo, amekuja na bajaji. Yangu mhariri aliitazama kimya hadi mwisho, akasema sauti ni nzuri sana, hasa pale wanaponyamazishana, umebuni mwenyewe? Kisha akaomba toleo la wima, la simu, lisilozidi sekunde 60. Yote nimeipiga kwa ulalo. Ukiikata iwe wima, jiwe linabaki na mzee anatoka.

Mwalimu kanipa alama 68. Maelezo yake: "Stori ipo. Barua ya ng'ombe irudishwe ofisini."

Jioni nilimpelekea mzee video kwenye simu. Aliitazama hadi mwisho, akarudisha nyuma hadi kwenye jiwe, akaikuza kwa vidole, akawaonyesha wenzake ukubwa wake. Hakusema lolote juu ya uso wake. Aliuliza kama walioiona wamesema jiwe linapatikana wapi.

Kwa hiyo nauliza kwa niaba yake. Anayejua duka lenye jiwe la kunolea la mviringo, inchi 8, tundu la katikati nusu inchi, afike Feri asubuhi, upande wa wanaoparua samaki, amuulizie mzee wa baiskeli. Kariakoo tumeshaulizia.