Mafuta ya Maisha, Maisha ya Nani?

Gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Ni sentensi fupi, lakini inamchoma mtu anayeisikia akiwa ndani ya tope hadi magotini, kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, akiwa amekwisha kuwalipa vijana wa kijiji wasukume, wakasukuma, akawaongeza, wakasukuma tena, mpaka mzee wa baiskeli anaposimama kando na kuuliza kwa upole kama gari hili lina klachi. Halina. Vijana wanacheka, watoto wanacheka, na mwenye gari ananyamaza huku shati limemganda mgongoni. Vijana hawana kosa. Wamesukuma kila kitu kilichopita barabara ile, Fuso na Land Cruiser za mashirika, na kwa uzoefu wao gari lililozimika ni gari ambalo halijasukumwa vya kutosha. Kwenye bwati ya mkono, yaani sanduku la gia lenye klachi, wangekuwa sahihi: magurudumu yakizunguka huizungusha injini, nayo ikashika. Kwenye otomatiki, kinachobeba nguvu toka injini kwenda magurudumuni ni mafuta. Mafuta hayafanyi kazi bila pampu kuyakamua. Pampu huzungushwa na injini. Na injini ndiyo hiyo imekufa. Kwa hiyo mtu amekodi nguvu za vijana kumi kumwamsha aliyepaswa kuamshwa na mwenzake aliyelala. Hela hairudi, na ni haki isirudi.

Naanzia kwenye aibu hii kwa sababu ndani yake mna hoja nzima. Mwenye gari alidhani ana gari la injini na vyuma, lenye mafuta kidogo ya kulainisha. Alichonacho ni gari linalokwenda kwa mafuta, na asiyejua hivyo hawezi kuamini kwamba mafuta hayo yanazeeka, yanachafuka na lazima yabadilishwe. Atabadilisha ya injini kwa uaminifu, vidanje baada ya vidanje, na ya bwati atayaacha kama yalivyotoka Japani.

Na mafuta yenyewe ni kitu cha ajabu. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akishughulika na meli wala si magari, alisajili uvumbuzi wa kupitisha nguvu kwenye maji badala ya meno ya chuma. Weka feni mbili zikitazamana, washa moja, ya pili itazunguka kwa upepo wa mwenzake. Föttinger aliziingiza feni zake ndani ya kopo lililojaa kimiminika, na kati yake akaweka gurudumu la tatu linalogeuza mkondo ili nguvu iongezeke, faida ambayo gari linaihitaji linapoanza kuondoka. Kamari ya kuwauzia watu wa kawaida bwati inayojibadilisha gia yenyewe ilichezwa na Oldsmobile huko Marekani, kwenye magari ya mwaka 1940. Tangu hapo mafuta ya bwati, mara nyingi mekundu, yamebebeshwa kazi ambazo kwenye ofisi ya serikali zingegawanywa kwa idara tano. Yanasukuma. Yanapoza. Yanalainisha meno. Yanapita kwenye vijia vyembamba na kuamua, kwa mgandamizo wake, gia ipi iingie. Kisha yanazibana sahani zenye ngozi ya karatasi, ndiyo, karatasi iliyogandishwa kwa gundi, nazo hizo ndizo zinazolivuta gari la tani mbili kupanda mlima. Hapa pana fumbo zuri: mafuta hayo hayo yanatakiwa yateleze yanapokuwa kwenye meno na yashike yanapokuwa kwenye sahani. Kwa miaka mingi siri ya kupatanisha kuteleza na kushika ilikuwa mafuta ya nyangumi. Sheria za Marekani za kuwalinda wanyama zilipoufunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walihangaika, na mmojawapo wa michanganyiko yao mipya ukaanza kula mabomba ya kupozea. Nyangumi hajawahi kufika Kabambare, lakini fundi anayemimina mafuta yoyote mekundu ndani ya bwati yoyote anakanyaga kaburi lake bila kujua: kila kampuni imetafuta njia yake ya kumrithi nyangumi, na njia hizo hazichanganyiki. Toyota ya zamani inataka Type T-IV, ya baadaye inataka WS. Gari lenye bwati ya mkanda, kama Nissan nyingi za siku hizi, linataka mafuta mengine kabisa, na ukilitia ya kawaida umeliua kwa mkono wako.

Sasa ahadi. Kwenye vitabu vya magari mengi imeandikwa kwamba mafuta ya bwati yamewekwa kwa maisha yote ya gari, hayabadilishwi. Mwenye gari huko Bukavu anayeonyeshwa maneno hayo huona ameshinda mjadala. Lakini tuwasikilize wanaotengeneza bwati zenyewe. ZF ya Ujerumani, ambayo bwati zake zimo ndani ya magari mengi yenye ahadi hiyo, inashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane, na mapema zaidi kwa gari linaloteswa. Anayeuza gari anasema milele. Anayetengeneza bwati anasema miaka minane. Najua ni yupi kati yao anayetaka tangazo la gari lionekane rahisi kutunza. Na hata hiyo 80,000 imehesabiwa kwenye lami. Adui wa mafuta haya ni joto, na kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa mafuta karibu nusu. Gari linalojikakamua kutoka kwenye tope, injini inanguruma na magurudumu yamekwama, linaigeuza nguvu yote ya injini kuwa joto ndani ya lile kopo la Föttinger, na saa ya kilomita haisogei hata nambari moja. Siku nzima kwa mwendo wa baiskeli ni kilomita chache na saa nyingi za kupikwa. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwenye barabara zetu, 40,000 ndiyo mwisho, na mwaka wenye masika mabaya usingoje hata hizo.

Maisha yote ya gari, basi, ni maisha ya nani? Ya mnunuzi wa kwanza, Yokohama au Hamburg, mpaka dhamana ilipokwisha. Maisha ya pili, yanayoanzia bandarini Mombasa au Dar es Salaam na kuingia Kongo kwa Goma au Uvira, hayakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kitabu, kama kimekuja, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Na hapa utani unanikauka, kwa sababu hata barabara inayoyapika mafuta hayo tumekwisha kuilipia. Tangu 2008 Kongo ina Mfuko wa Taifa wa Kutunza Barabara, na sehemu ya pesa zake hukatwa kwenye bei ya mafuta ya gari. Anayenunua petroli ya madumu iliyolipiwa kodi Kabambare anauchangia mfuko huo kama wa Kinshasa. Halafu anachangia tena kwa vijana wa kusukuma, tena kwa fundi, tena kwa bwati nzima iliyotumika, inayopandishwa toka Goma juu ya Fuso, ikiwa yenyewe na mafuta yake ya maisha.

Baada ya joto, maji ni kesi ya peke yake. Bwati ina kibomba cha kupumulia. Ikiwa imechemka halafu ikazama ghafla kwenye maji ya mto Luama au kijito chochote kisicho na daraja, hewa ya ndani husinyaa na bwati huvuta pumzi. Kama kibomba kiko chini ya maji, inavuta maji. Gundi ya zile karatasi haiyavumilii. Mafuta yakionekana kama chai ya maziwa, usihesabu kilomita wala miaka: yamwagwe, yote, na gari lisitembee kwanza.

Pingamizi ninalolisikia zaidi si la bei. Ni hili: ukibadilisha mafuta ya bwati nzee, bwati inakufa. Walioshuhudia hawasemi uongo, wanahesabu vibaya. Watu wengi hupeleka gari kubadilishiwa mafuta siku lilipoanza kuteleza gia, yaani karatasi zimekwisha na vumbi lake linaelea ndani ya mafuta, likisaidia kushika kidogo. Mafuta mapya yanaliondoa vumbi, na maiti inaanguka. Ni sawa na kuilaumu hospitali kwa sababu watu hufia humo. Anayebadilisha kabla bwati haijalalamika hana hadithi ya kusimulia, ndiyo maana humsikii. Wengine watasema huku magari yote ni ya mkono, shida hii ni ya wakubwa. Waangalie tena RAV4 na Prado zinazoingia kila mwaka.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka tu uangalifu ambao gereji nyingi huuona ni uchelewaji. Ukifungua boliti ya chini hutoki na mafuta yote. Mara nyingi ni lita tatu au nne kati ya saba au zaidi, mengine yamebaki kwenye kopo. Ndiyo maana hurudiwa baada ya siku kadhaa za kutembea. Pima yaliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho. Ukifungua sinia, tazama sumaku: tope la kijivu laini ni uzee wa kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya. Kijiti cha Toyota husomwa bwati ikiwa ya moto, injini ikinguruma, gia ikiwa P. Cha Honda husomwa injini imezimwa, na wanaochanganya hayo mawili wamejaza lita nzima ya ziada wakiwa na uhakika kamili. Gari zenye WS mara nyingi hazina hata hicho kijiti. Zina boliti ya kumwagia ziada, nayo hufunguliwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi kama 35 hadi 45 tu, injini ikizunguka. Kasongo, saa saba mchana, bwati inalipita joto hilo kabla fundi hajamaliza kulaza mkeka chini ya gari. Aende alfajiri, na abebe kipimajoto, kiganja hakitoshi.