Sifa za int, mnyenyekevu wa biti 16

Katika lugha ya C, namba kamili iitwayo int haikuahidi makuu. Kiwango cha Marekani cha 1989, ambacho ISO ilikipokea mwaka uliofuata, kinaitaka ifike angalau 32,767. Ziada yoyote ni hisani ya kompaila. Unyenyekevu wa namna hii unastahili utenzi, na bado haujaupata.

Kwa mambo mengi ya Himbi, mtaa wa Goma nchini Kongo, int inatosha na kubakiza. Nyiragongo, volkeno inayosimama kaskazini mwa Goma, ina mita 3,470 hivi, na int inaubeba mlima huo pamoja na mingine minane ya kimo hicho. Ziwa Kivu lenye kina kisichofika mita 500 haliisumbui hata kidogo. Kinachoishinda ni noti mbili za faranga 20,000. Mteja akiziweka mezani, jumla ni 40,000, nayo haiingii. Kiwango hakisemi kitokee nini hapo: programu ina ruhusa ya kufanya lolote. Kwenye mashine za biti 16 mara nyingi husomeka -25,536, na aliyelipa taslimu akageuka mdaiwa. Ni daftari gani la duka lenye kipaji hicho? Tena int humkinga mwenye duka na tamaa: mwaka 2024, dola ilipokaribia faranga 2,800, upeo wake wote haukutimia dola 12.

Ina subira pia. Kompyuta nyingi za leo huipa biti 32, basi kosa hujilalia kimya hadi programu ihamishiwe kwenye bodi za awali za Arduino Uno, ambako int ni ya biti 16 kwelikweli. Java, kwa kuamuru biti 32 kila mahali, imewanyima watu uhondo huo.

Nduguye long, aliyehakikishiwa biti 32, hufika 2,147,483,647. Zaire ya Mobutu, yaani Kongo hiyohiyo kwa jina la zamani, ilimtoa jasho: noti ya zaire 5,000,000 ilitoka na tarehe ya 1992, na 430 za aina hiyo zilitosha kumfurisha. Serikali ilimwokoa bila kumjua. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya moja; mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Kamati ya C, isiyo na mamlaka ya kukata sufuri za mtu, iliongeza long long ya biti 64 mwaka 1999.