Toni ya Kejeli, Alama Mbili

Kuna mwongozo mmoja wa fasihi unaozunguka mikononi mwa watoto wa kidato cha nne mtaani kwetu, umenakiliwa na kunakiliwa hata maandishi yamefifia. Ukurasa uliochakaa zaidi ni ule wa toni. Zimepangwa hapo moja moja: ya huzuni, ya kejeli, ya matumaini, ya kuhimiza, ya kulalamika, ya masikitiko. (Huzuni na masikitiko zinaachana wapi, muulize aliyeuandika.) Mpwa wangu amezikariri zote. Anazitaja huku akiosha vyombo. Shairi lenyewe hajalisoma.

"Mjomba, kusoma shairi zima ni kupoteza wakati," anasema. "Mtu akifa, huzuni. Serikali ikitajwa, kejeli."

Na usimlaumu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80 na saa mbili na nusu, na humo swali la toni hujitokeza na vialama vyake viwili. Nani atajiumiza kichwa kwa vialama viwili?

Kinachoniudhi ni kwamba mtoto huyu huyu ni bingwa wa toni. Kazaliwa Kisauni, kalelewa kwenye nyumba za ua mmoja, na hakuna fumbo linalompita. Jirani yetu aliponunua gari, kuukuu lakini gari, asubuhi yake mke wa jirani mwingine alitoka akaanika leso: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Maneno ya heri kabisa. Ungeweza kuyatia kwenye hotuba ya Ijumaa na watu wakaitikia amina. Mpwa wangu alipita na ndoo yake, akasoma, akaitua ndoo chini.

"Uwi! Kaambiwa!"

Nikamuuliza amejuaje, maana tusi silioni. Akanitazama kwa huruma. Hakuangalia maneno peke yake. Aliangalia nani kaanika, kaanika siku gani, na jina la leso kalielekeza mlango wa nani. Kisha akanipa ushahidi wa mwisho: "Na leso yenyewe kavu, mjomba. Nani huanika leso kavu?"

Basi kazi ya kutafuta toni ni hiyo, haina nyingine. Nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na wapi pana leso kavu. Lakini mpe mtoto huyo kitabu, akili yote hiyo anaiacha uani.

Nilimpa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa hapa hapa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya twendapi. Alitoka 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa 1973. Mpwa wangu aliangalia jalada, kitabu hakijafunguliwa bado. "Dhiki. Toni ya huzuni. Tuendelee."

Tuendelee wapi? Nikamfungulia "Siwati". Jina lenyewe ni la mtu anayesema haachi alilolishika. Mtu yumo ndani ya kuta nne, waliomfunga wanangoja anyenyekee, naye anatoa vitenzi vya kukataa mstari baada ya mstari. Hapo mwenye kulia ni nani? Huo ni ukaidi mtupu, na ukaidi wenye adabu ya mizani na vina, ambao humuudhi mkubwa kuliko matusi. Kisha mwaka 1974 kitabu hicho hicho kikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Kama unatafuta kejeli, ipo hapo, ila hiyo hakuiandika Abdilatif.

Kwenye Kusadikika mambo huwa mabaya zaidi. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, naye ni mtumishi katika serikali ya kikoloni, habari za nchi inayoelea angani ambayo wajumbe wake wakirudi na mawazo mema hutupwa gerezani. Hapazi sauti. Hatukani. Sentensi zimenyooshwa pasi. Wanafunzi huandika "kejeli", na ni nusu ya kweli, lakini ule upole wake ndio leso kavu yenyewe, na kwenye mwongozo hakuna toni ya upole.

Wala sisemi kuwa jibu huwa moja. Utendi wa Mwana Kupona una umri tangu 1858, na mpaka leo wako wanaosikia humo mama anayemwamuru bintiye amtii mume, na wako wanaomsikia mwanamke mjanja anayefundisha namna ya kumlea mwanamume kama mtoto asiyejua kusema. Mimi niko na hao wa pili. Mke wangu anasema niko nao kwa sababu nimelelewa hivyo.

Sasa wiki iliyopita shairi la "Siwati" likaja kwenye jaribio la shuleni. Mpwa wangu akaandika: toni ya ukaidi. Akataja na vitenzi, akaeleza vizuri, wallahi niliisoma mwenyewe. Karatasi ikarudi na sifuri, na pembeni maneno mawili ya wino mwekundu: "Nani kakwambia?"

Tulikaa na maneno hayo mpaka isha. Mpwa alishikilia kuwa ni hasira, kalamu imekandamizwa. Mke wangu akasema ni kejeli, maana mwalimu wa watu hakuhitaji kuuliza. Mimi niliona ni mshangao, huenda hata na pongezi ndani yake. Mama yangu, ambaye shule aliisikia kwa jirani, akaomba karatasi isogezwe karibu na taa, akaitazama alama ya kuuliza, akatikisa kichwa.

"Huyu anauliza kweli," akasema. "Mpelekee jina la mjomba wako."

Limepelekwa. Naitwa shuleni Jumatatu, saa mbili asubuhi, na barua imeanza na "Mzazi mpendwa".