Karatasi Haisitiri

Mpasuko wa mshale wangu kwenye karatasi ulikuwa na urefu wa kidole cha shahada, na ukumbi mzima uliusoma kabla yangu. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani alisogea, akainamisha shingo, akaikagua ile karatasi, kisha akaniambia kwa huruma ya kweli kabisa: "Nilidhani ninyi mnazaliwa nayo."

Ninyi! Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, naam, wanaijua kazi hiyo: hukipasha kijiti moto, wakakinyoosha kwa meno, jicho moja limefumba, na mshale ukatii. Mimi ni wa Tanga mjini. Ziwa Eyasi nimeliona kwenye ramani.

Isitoshe, upinde niliokuwa nimeushika kwao ni papa hapa Missouri. Ni Holless Wilbur Allen, mtu wa jimbo hili, aliyekata ncha za upinde akafunga kapi. Aliomba hataza mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Na lazima nikiri, alikuwa na akili ya ajabu. Kapi za upinde huu si duara kamili. Unavuta, mzigo unapanda hadi paundi 60, bega linalalamika, halafu ghafla kapi zinageukia upande wao mwembamba na mzigo unaporomoka. Kwenye upinde unaopunguza asilimia 80, unabaki umeshikilia paundi 12 tu, huku nguvu zote zimejikunja kwenye mabawa yake zikisubiri ruhusa yako.

Raha hiyo ina kodi yake. Kapi ya juu na ya chini sharti zigeuke pamoja. Moja ikitangulia hata kidogo, uzi unausukuma mshale huku ukiunyanyua mkia au kuukandamiza. Kiegemeo cha mshale kikikaa milimita moja pembeni, mkia unakwenda upande. Ukiukaba mpini kama unamkaba mwizi, upinde wote unajipinda mkononi pale pale unapofyatua.

Na hakuna anayejua, kwa sababu ya manyoya. Yale manyoya matatu ya plastiki kazi yake ni kusitiri. Mshale unatoka unakwenda mrama, manyoya yanakamata hewa, yanauvuta mkia urudi nyuma ya kichwa, na ukifika mita 20 umenyooka, mpigaji anajiona bingwa. Ndiyo maana karatasi hutegwa kwenye fremu mita mbili hivi mbele yako: inaunasa mshale kabla sitara haijafanya kazi. Ukitoboa tundu la mviringo lenye mikato mitatu midogo ya manyoya, upinde wako umetengemaa. Kichwa kikipita hapa na manyoya yakachana pale, basi huo urefu katikati ndio ushahidi. Mchano ukielekea juu, mkia ulikuwa juu: shusha pale unapopachika mshale kwenye uzi, au inua kiegemeo. Nimesimama mbele ya matundu hayo kwa furaha ya mtu anayesoma barua ya mwenziwe.

Lakini langu lilichana kwa ubavu, na hapo ndipo fundi wa duka alipoingia na ufunguo wake mdogo. Akasogeza kiegemeo. Mchano ukabaki. Akakisogeza tena. Ukabaki. Akazisokota nyaya za kapi, akaupandisha upinde kwenye mashine ya kuubana, akaushusha. Mchano ukabaki vilevile, kama uliopigwa muhuri. Akafuta mikono, akanitazama vidole. "Ni mkono wako, bwana."

Hapo utani uliniishia. Mitambo ikikosea na kosa likakosa mwenyewe, hupewa mteja. Na mteja mweusi huongezewa la pili juu yake: la kutojua kitu ambacho eti kimo kwenye damu. Mzungu aliyekuwa pembeni yangu alichana karatasi vibaya kuliko mimi. Yeye aliambiwa upinde wake unahitaji marekebisho.

Wiki iliyofuata uzi ulinichapa mkono, nikavaa mikono mirefu kwenye joto ili kuficha alama.

Kisha usiku mmoja, nikiwa nyumbani, nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa mshale: 500. Namba hiyo ni kipimo cha ulegevu. Mshale hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, huning'inizwa uzito wa paundi 1.94 katikati, kisha hupimwa umebonyea kiasi gani. Ukibonyea nusu inchi, huitwa 500. Kadiri namba inavyopungua, mshale unazidi kuwa mgumu. Upinde wa paundi 60, kwa mikono mirefu kama yangu, hutaka 400 au 340. Huo wa 500 ukisukumwa kwa nguvu hizo hujikunja na kutapatapa, hata uupige kwa mkono wa malaika. Na duka lililoniuzia upinde ndilo lililonichagulia mishale, kwa ushauri wa fundi yuleyule.

Nilirudi na risiti. Wakanibadilishia mishale kwa nusu bei, nikaambiwa hiyo ni hisani. Karatasi ikatoboka tundu safi. Yule mzee wa kofia ya kijani akanipiga begani, akasema alijua tu damu ingekumbuka.