Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Hema Rungwe Bila Kumuuliza Mtu

Kwanza chagua mwezi. Machi au Aprili inafaa sana, kwa sababu Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo nayo imepanga safari yake miezi hiyo hiyo. Wasio na moyo wa utalii husubiri Julai hadi Septemba, njia zikikauka, wakapanda hadi Ziwa Ngosi na kurudi bila kuteleza hata mara moja. Hao hawana cha kusimulia. Wewe njoo wakati maporomoko yamejaa. Picha ya maporomoko yaliyojaa ndiyo sababu ya safari nzima, na hema ni pambo la kuwekwa mbele ya picha. Kulala ndani yake ni jambo la ziada.

Ukifika Tukuyu, kilomita kama 70 kutoka Mbeya mjini, utakutana na hatari ya kwanza: wenyeji. Usimsalimie mtu. Unyakyusani salamu haiishii kwenye salamu. Ukitamka "ugonile" tu, utaulizwa umetoka wapi, kwenu hawajambo, na leo unalala wapi. Ukitaja mahali, mzee atatikisa kichwa na kukuonyesha kwa fimbo mto ulipofika masika yaliyopita. Hapo tayari umeshajua, na anayejua hana tena uhuru wa kuchagua ovyo. Mtendaji wa kijiji naye mkwepe. Atakuandika kwenye daftari, atakutoza ada, atakupa stakabadhi pamoja na kijana wa kukuongoza, na kijana huyo atakunyima raha ya kupotelea kwenye mianzi ya Ngosi saa kumi na mbili jioni.

Sasa mahali penyewe. Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, maji huanguka mita zipatazo 40, na nyuma yake mwamba umeacha upenyo ambamo mtu anaweza kusimama akayatazama maji kwa mgongoni. Ni pazuri kweli, hilo silifanyii mzaha. Mtu mwenye akili hupaona, hupiga picha, kisha hupanda juu akalale penye ukavu. Wewe simika hema chini kabisa, pale rasharasha zinapofika. Mlio wa maporomoko, ambao kwenye video ya sekunde 15 hutuliza moyo, usiku hauna kitufe cha kuuzima. Utafunika kila sauti nyingine: ngurumo inayokaribia, mwenzako anayekuita, na mwenye mkono mwepesi anayefungua zipu ya begi lako taratibu bila sababu ya kwenda taratibu. Asubuhi hema litakuwa limelowa nje kwa rasharasha na ndani kwa pumzi zenu wenyewe, maana mliziba matundu yote ya hewa ili rasharasha zisiingie.

Kama wewe ni mtu wa mito, fuata Kiwira. Sehemu fulani utaona kijiuwanja cha mchanga kando ya maji, kimenyooka, hakina jiwe wala kisiki. Usijiulize nani alikisawazisha. Ulikisawazisha mto wenyewe, na huwa unarudi kukagua kazi yake. Wala si lazima mvua inyeshe hapo ulipo. Inatosha inyeshe huko juu, Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000, wakati wewe huku chini unahesabu nyota. Maji yakigeuka rangi ya udongo na kuanza kuleta majani na vijiti, watu wa kawaida hukunja godoro na kukimbilia mwinuko. Wewe toa simu urekodi.

Lakini utajiri hasa wa nchi hii uko kwenye vibonde vyake. Hii ni ardhi ya volkano, na hewa ya ukaa hutoka chini kwa wingi kiasi kwamba huko Busokelo huvunwa na kuuzwa, ikaishia hata kwenye mapovu ya soda. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo usiku usio na upepo inaweza kutuama bondeni. Goma, ambako nako wana volkano zao, mahali pa namna hiyo huitwa mazuku, na watu hupaogopa. Wewe utapatambua kwa utulivu wake: hakuna upepo, hakuna panya wa kukutafunia mkate, na pengine kuna ndege mmoja amelala chali katikati. Kwa bei hakuna kambi ya kuishinda, kwani usiku wa pili hutadaiwa.

Masoko usipapuuze. Kuna ziwa la kreta, na karibu yake jengo la Wajerumani lililokuja kuwa mahakama. Hadithi ya pale ni kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbizwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walitupa mali zao ziwani. Lala hapo kama umebeba miwani ya kuogelea na una imani.

Baridi ikishakukomesha, teremka Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000, na lile blanketi la mtumba ulilolinunua Tukuyu ukitetemeka, huku utalitumia kufukuzia mbu. Ufukweni zipo kambi zenye choo, mlinzi na mti wa mwembe. Achana nazo. Tafuta mahali mto unapoingia ziwani, penye matete mengi. Kivuli kipo, samaki wapo, na mamba na viboko wamepachagua kwa sababu hizo hizo. Osha vyombo humo, oga humo, na kaa sana kwenye yale maji yaliyotulia, kwani konokono wa kichocho wanayapenda pia. Jumamosi nenda mnadani Lyulilo ukanunue chungu kilichofinyangwa na akina mama wa Kikisi, kikubwa kuliko vyote, halafu ndipo uanze kuwaza habari ya basi.

Ukirudi mjini usikimbilie kupima kichocho kesho yake. Mayai yake huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na daktari atakuona mzushi. Dawa yenyewe, praziquantel, hutolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Kwa hiyo kama ulishinda juma zima Matema ukila mbasa na wali wa Kyela, panda kwanza kwenye mizani ya hospitali, usimtajie uzito ulioondoka nao nyumbani.