Haki Yangu ya Kusukuma Baiskeli Topeni

Naishi Sussex, kusini mwa Uingereza, na nina baiskeli. Hayo mawili yanatosha kunipatia somo la sheria bila ada kila nikitoka kwenda mashambani. Mwalimu hubadilika sura lakini ni yuleyule: mzee mwenye mbwa, fimbo na mabuti ya mpira, anayesimama katikati ya njia na kuniambia kwa adabu zote, "Samahani bwana, hii ni njia ya farasi." Namjibu kwamba naona, mzee wangu, ndiyo maana nimeifuata. Hapo adabu huanza kupungua.

Tuelewane. Huku England na Wales njia za mashambani zina matabaka. Ipo njia ya miguu, yenye mshale wa njano, ambayo ni ya wanaotembea tu. Ipo njia ya farasi, yenye mshale wa buluu, na humo baiskeli ina haki ya kupita. Si kwa hisani ya mzee wala ya mwenye shamba. Ni kifungu cha 30 cha Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968. Mtu mwenye mvi za namna ile amekuwa na zaidi ya nusu karne ya kukisoma.

Lakini Bunge lililotupa haki hiyo lilikuwa na mkono wa birika. Kifungu hichohicho kinasema mwendesha baiskeli ampishe anayetembea na aliyepanda farasi. Hilo sina neno nalo. Kisha kinaongeza kwamba haki yetu haimlazimu mtu yeyote kufanya lolote la kuturahisishia safari. Hebu soma tena taratibu. Ni kualikwa harusini kwa kadi yenye jina lako, halafu chini kwa herufi ndogo: mpishi halazimiki kukupakulia.

Na kweli hatupakuliwi. Njoo mwezi wa Desemba kwenye bonde la Weald, ambako udongo ni mfinyanzi mtupu. Farasi wa nusu tani amepita asubuhi, na wenzake nyuma yake, na kila kwato imeacha shimo lililojaa maji. Unaingia kwa mbwembwe, na baada ya hatua chache tope limejaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu halizunguki tena, linaburuzika. Unashuka. Unatafuta kijiti, unakwangua, unasukuma, unakwangua tena. Kisheria wewe ni mwendesha baiskeli anayetumia haki yake. Kwa macho ya ng'ombe wanaokutazama, wewe ni mtu anayegombana na vyuma.

Kisha geti. Sheria inataka geti la njia ya farasi liwe na upana usiopungua futi 5, na mara nyingi komeo lake limenyanyuliwa juu kwa mpini mrefu ili mpanda farasi alifungue bila kushuka. Mpini ule unanifika usoni. Mkono mmoja nashika komeo, mwingine baiskeli, kwa goti nazuia geti lisijifunge, na kwa meno, basi, nashukuru.

Farasi mwenyewe simlaumu. Ukimtokea nyuma kimyakimya, yeye hudhani umekuja kumla, na aliyempanda ndiye atakayelipia dhana hiyo. Kwa hiyo napunguza mwendo nikiwa bado mbali na kupaza sauti, nikiwasalimu yeye na bibi yake, ili ajue kwamba kitu hiki ni mtu. Nimekwishamsalimu farasi kwa Kiswahili, akageuza sikio moja na kuniruhusu nipite. Hakuniuliza kuhusu vifungu.

Ila kisa cha kweli kimo kwenye ramani. Baada ya sheria ya mwaka 1949 kuagiza njia zote za umma ziandikwe, kila parokia ilipeleka orodha yake, na si wote waliandika kwa jicho moja. Leo utakuta njia ileile, tope lilelile, imeandikwa njia ya farasi hadi kwenye mpaka wa parokia, na ng'ambo ya mpaka imekuwa njia ya miguu. Upande huu wa ua wa miti mimi ni mwananchi mwenye haki zake. Upande wa pili nimeingilia ardhi ya mtu. Kwa kawaida hilo si kosa la jinai, ni suala la madai kati yangu na mwenye ardhi, ingawa vibao vyake hunitishia mahakama kwa herufi nyekundu. Nikisema nishuke niisukume? Wanasheria wanabishana hata hapo, kama baiskeli inayosukumwa ni mzigo halali wa mtu anayetembea.

Na hizo njia za miguu ndizo nyingi, mara nne na zaidi ya zile za farasi. Siku nikitaka amani hupanda vilima vya South Downs, ambako njia ya kutoka Winchester hadi Eastbourne, kilomita 160, iko wazi kwa baiskeli, na chokaa ya ardhini hunywa maji haraka. Wenzetu wa Scotland hawana hata haja ya mishale hii. Sheria yao ya mwaka 2003 iliwapa watu haki ya kupita karibu ardhi yote, kwa baiskeli pia, ilimradi mtu ajiheshimu. Wamewaamini watu, na milima yao ingali palepale.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kifungu cha 30 kibaki, na ile sentensi ya ubahili ifutwe. Mpaka hapo, msomaji uliye huku na baiskeli, fuata mshale wa buluu, mpishe farasi, na mzee akikusimamisha mtajie kifungu kwa namba yake. Ile nusu ya pili usimwambie, ataikariri.